Sikio la Mama Uji

Kuna watu ambao gari lao likianza kupiga kelele ndani ya dashibodi, dawa yao ni kuongeza sauti ya redio. Nawajua, na wewe unawajua. Wanaendesha hivyo miezi sita, feni inakwaruza, hita inabubujika, na wao wanaimba pamoja na kwaya. Halafu siku moja hewa inakatika kabisa kwenye jua kali la kutoka Masinga, na wanafika gereji wamelowa jasho wakiuliza eti ni nini kimeharibika ghafla. Ghafla! Kalekye akisikia neno hilo huvuta mdomo pembeni na kunyamaza, maana mteja ni mteja. Lakini moyoni huwa anayahurumia magari.

Kalekye alikuwa na miaka hamsini na minne, mfupi, mikono midogo, kitambaa kichwani na dungarizi iliyopunguzwa miguu. Alifanyia kazi yake kwenye yadi ya Musili, nyuma ya soko la Machakos, pale mafundi wa kunyoosha bodi, wa rangi, wa umeme na wa matairi wamebanana kila mmoja na nyundo yake. Yeye kazi yake ilikuwa moja tu, kelele za hewa ya gari. Feni, hita, AC, na mabomba yale ya plastiki yanayopeleka upepo usoni na miguuni. Ukimpelekea habari za breki atakuonyesha kwa kidole mtu wa breki, na hatasema neno lingine.

Pale yadi hakuna aliyemwita fundi. Walimwita Mama Uji, na jina hilo lina sababu. Miaka ishirini na miwili nyuma aliingia pale na ndoo ya uji wa wimbi, vikombe kumi na mtoto mgongoni, akakalia tairi kuukuu na kuanza kumimina. Mtu anayemimina uji mikono yake ina shughuli, macho yake yako kwenye kikombe, lakini masikio yake yako huru. Basi yeye akawa anasikiliza magari. "Hiyo nyeupe imeanza kulia upande wa kushoto," angesema, na mafundi wangecheka. Musili wakati huo alikuwa kijana mwenye mdomo mrefu kuliko sanduku lake la spana. Alimwambia, "Mama, wewe mimina uji."

Mpaka likaja gari moja lililokuwa likigonga ndani ya dashibodi, ko, ko, ko, kama mtu anabisha mlango. Walilifungua siku tatu. Dashibodi nusu ilikuwa chini, nyaya zinaning'inia, mwenye gari amekasirika. Siku ya tatu Kalekye alimpa Musili kikombe chake na kumwambia bila haraka, "Hiyo inagonga tu mkigeuza kutoka baridi kwenda moto. Mkiacha hapo hapo haigongi." Wakajaribu. Kweli. Ndani kabisa kuna kilango kidogo kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi, na kigia chake cha plastiki kilikuwa kimevunjika jino moja. Hakuna mkono wa mwanamume pale yadi uliotosha kupita kukifikia. Wa Kalekye ulipita.

Kesho yake Musili alimletea bisibisi. Kwa miaka miwili Kalekye aliuza uji asubuhi na kutafuta kelele mchana, halafu uji ukakoma wenyewe. Jina ndilo lililobaki.

Hakuwa na mashine ya kusikilizia. Alikuwa na kipande cha mpira wa maji cha urefu wa mkono, ncha moja sikioni, ncha nyingine anaipitisha polepole mbele ya dashibodi. Na alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja hata mteja awe na haraka ya namna gani. Kwanza injini inazimwa. Ufunguo unageuzwa kidogo tu, taa ziwake, feni izunguke peke yake. Kelele ikiwa bado ipo, injini haina kosa, iachwe na amani yake. Halafu feni inapandishwa moja, mbili, tatu, nne. Kelele inayokimbia pamoja na feni ni ya feni. Halafu anafunga hewa ya nje. Ikibadilika, shida iko pale hewa inapoingilia. Halafu upepo anaupeleka miguuni, usoni, kwenye kioo, na kelele ikihama na upepo basi iko kwenye mabomba. Mwisho kabisa ndipo anawasha injini na AC asikilize kama kompresa inanguruma, au kama rejeta ndogo ya hita inabubujika kwa sababu ya hewa iliyoingia kwenye maji. "Nyinyi mnataka gari liseme yote mara moja," alikuwa akiwaambia wenzake. "Liulizeni swali moja moja."

Sasa shida ilianzia hapa. Mama yake Kalekye, marehemu Kavutha wa Kivaa, alipoteza masikio akiwa na miaka hamsini na mitano. Hayakwenda siku moja. Kwanza zilikwenda sauti za watu wakati wa upepo, halafu kuku, halafu wajukuu. Mwishowe ukoo ukikutana, yeye alikuwa anakaa kwenye kiti chake na kumchekea kila mtu, kwa sababu hakujua ni nani aliyesema na ni nani aliyenyamaza. Watu walimpita kama kabati. Kalekye hakuwahi kukisahau kile kicheko cha mama yake, kwa sababu kilikuwa ni kicheko cha kujificha.

Na tangu Pasaka, dalili zilikuwa zimeanza kumjia na yeye. Binti yake Lavender, yule yule aliyebebwa mgongoni wakati wa uji, sasa ni mwalimu huko Kalama, na akija Jumamosi humwambia, "Mum, redio yako inasikika mpaka kwa lami." Kanisani lilisomwa jina lake kwenye kamati ya jikoni, na mpaka jirani alipomgusa kwa kiwiko hakuwa amejua anaitwa. Halafu wiki tatu zilizopita Musili alisikia filimbi ya upepo kwenye dashibodi ya gari moja kabla yake. "Mama Uji, leo nimekutangulia!" alisema, na wote wakacheka, na yeye akacheka. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Masikio yakiisha kazi imeisha, na kazi ikiisha hakuwa anajua yeye ni nani tena pale yadi. Mikono ingebaki, lakini ingekuwa inatafuta nini humo ndani bila sikio la kuiongoza? Aliogopa, na hofu hiyo alikuwa akiamka nayo na kulala nayo.

Ndipo Jumanne moja, saa nne asubuhi, akaja Rehana.

Rehana ni mwanamke wa mjini, mfanyabiashara wa nafaka. Anauza maharagwe, mbaazi na ndengu, na anaongea kwa kasi ya mtu aliyeacha lori likishusha mzigo dukani, na siku hiyo kweli alikuwa ameliacha. Aliingia yadi na gari lake jeupe la mgongo mrefu, simu ameibana kati ya bega na sikio, feni imefunguliwa mpaka mwisho. Lango la yadi lina mwinuko mkali, ukiupanda unatokea tambarare. Akasimama pale tambarare mbele ya Kalekye, injini ikinguruma, nyundo tano zikilia nyuma yao.

"Mama Lavender, umesikia vile inalia? Umesikia? Mafundi wawili wameshindwa na hii kitu. Mmoja ameniambia ni gia. Mwingine ameniambia niuze gari. Niuze! Umesikia lakini?"

Kalekye aliinama dirishani. Akatega sikio la kulia, akatega la kushoto. Alisikia upepo. Upepo mtupu, safi, hakuna kitu kingine. Rehana alikuwa anamwangalia usoni kwa matumaini.

"Nimesikia," alisema, akacheka kidogo.

"Alhamdulillahi! Nilijua wewe utasikia. Mimi nitarudi saa nane." Akamtupia ufunguo, akaita boda boda, akaenda.

Kalekye alibaki na ufunguo mkononi. Aiya, Kalekye! Miaka ishirini na miwili hujawahi kumdanganya mteja, leo umedanganya kwa neno moja. Na si neno tu lililomuuma. Kilikuwa ni kile kicheko. Alikitambua. Kilikuwa ni cha mama yake, cha pale kwenye kiti.

Alilisogeza gari mpaka ukutani, mbali na wengine. Akaenda kwa Mutuku wa bodi, ambaye nyundo yake ndiyo kubwa kuliko zote, akamwomba awanyamazishe watu dakika kumi. Mutuku aliangalia uso wake, akaweka nyundo chini. Yadi nzima ikanyamaza, jambo ambalo hutokea tu mtu akifiwa.

Akazima injini, akageuza ufunguo kidogo, akawasha feni. Moja, upepo. Mbili, upepo. Tatu. Nne. Akafunga hewa ya nje, akaifungua. Miguuni, usoni, kwenye kioo. Moto, baridi. Aliupitisha mpira wake mbele ya dashibodi nzima, akaubana sikioni mpaka sikio likauma. Hakuna. Akaweka kiganja juu ya droo ya mbele ya abiria, mahali feni ilipo nyuma yake, kwa sababu kitu kinachogonga hutikisa plastiki, na mkono wake ulikuwa umezoea kujua hivyo hata kabla ya sikio. Kiganja nacho hakikuhisi kitu. Siku nyingine yoyote angeuamini mkono wake. Siku hiyo alijiambia kwamba mkono nao umezeeka.

Nyundo zilirudi. Alikaa ndani ya gari na mlango wazi, mpira umelala mapajani, na machozi yalimkaribia lakini akayakataa kwa sababu ya wanaume wale wote.

Musili alikuja na kikombe cha chai na feni kuukuu aliyoitoa kwenye gari bovu. Mwili umemjaa siku hizi, mdomo umepungua kidogo. "Mama Uji, usijitese. Weka hii, mpe mtu gari yake. Kelele ya feni ni feni."

"Na kama si feni?"

"Basi atarudi."

Musili hakumaanisha ubaya, ndivyo watu wengi wanavyofanya kazi. Kalekye aliipokea ile feni. Akaivuta droo, akaitoa, akaingiza mkono, akaanza kulegeza. Feni yenyewe inashikwa na skrubu tatu. Alilegeza ya kwanza. Akalegeza ya pili. Ya tatu aliigusa akasimama, maana hakuwahi maishani mwake kutoa kitu ambacho hakukisikia kwamba ni kibovu. Ukishaanza kubahatisha huwezi tena kurudi. Akakaza ya pili, akakaza ya kwanza, akarudisha droo, akampelekea Musili feni yake.

Nami nitakwambia kitu sasa hivi, ili usije ukafikiri alifanya ujinga. Kama angeifungua ile skrubu ya tatu, angeipata shida ya lile gari hapo hapo, na Rehana angefurahi, na Kalekye angerudi nyumbani akiamini mpaka kufa kwamba kelele ilikuwepo na yeye hakuisikia. Kwa hiyo mshukuru Mungu kwa ile skrubu.

Saa nane Rehana alirudi, vumbi la maharagwe kwenye buibui, bado anaongea. Kalekye alimsubiri mpaka akavuta pumzi.

"Mama, ngoja nikuambie. Nimekudanganya. Asubuhi umeniuliza kama nimesikia nikakubali. Sikusikia kitu. Nimetafuta tangu ulipoenda, na bado sijasikia. Nafikiri masikio yangu yameisha. Peleka gari kwa mtu mwingine, na unisamehe."

Alisema hayo kwa sauti ya chini, akiangalia chini. Alikuwa anangoja huruma, au hasira, yoyote kati ya hizo. Alipoinua macho alikuta mwanamke wa watu amekunja uso.

"Kwani ulikuwa usikie nini?"

"Hiyo kelele."

"Wapi?"

"Hapa. Asubuhi. Ulipokuwa umesimama hapa."

"Lakini hapa hailii, Mama Lavender! Hapa haikuwa inalia! Inalia nikipanda mlima. Ilikuwa inalia kwa lango lako, pale nikipanda, ndio nikakuuliza kama umesikia nikiingia. Nikifika tambarare inanyamaza kabisa. Ndio maana wale mafundi wengine wameniona kama mwendawazimu, kila nikiwafikia hakuna kelele." Halafu ikamwingia, akaweka mkono mdomoni. "Na wewe ukaniambia umesikia! Wewe ulisikia nini?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia boneti.

"Rudia," Kalekye alisema. "Rudia polepole."

Rehana akarudia. Kalekye alikalia tairi, na kwa bahati lilikuwa ni tairi la kukalia hasa, si la mteja. Pale tambarare hapakuwa na kelele, na ile ya langoni ilifunikwa na nyundo tano. Alitafuta kutwa kitu ambacho hakikuwepo, na sikio lilimwambia hakipo, na mkono ukamwambia hakipo, na yeye akawakataa mashahidi wote wawili. Akakumbuka na ile filimbi ya Musili, kwamba siku hiyo Musili alikuwa amekaa ndani ya gari na yeye amesimama nje, mlango umefungwa. Ngai wakwa, Mungu wangu! Redio labda ilikuwa juu kweli. Lakini ile filimbi haikuwa haki hata kidogo.

Hata hivyo hakushangilia. Kutosikia kitu ambacho hakipo, hata kabati linaweza. Alitaka kusikia kitu ambacho kipo.

"Twende mlimani," alisema.

Walitoka mjini wakashika barabara ya kupanda Iveti, Rehana kwenye usukani, Kalekye kiti cha abiria, mwili ameuinamisha mbele mpaka kitambaa chake kinagusa droo. Mpira aliuacha yadi. Kwenye tambarare feni ilipuliza vizuri kabisa. Rehana alianza kusimulia habari za lori.

"Mama, naomba unyamaze kidogo."

Rehana alinyamaza. Alibana midomo kwa vidole viwili ili asisahau.

Barabara ikaanza kuinuka. Pua ya gari ikatazama juu. Wakapita shamba la mahindi, wakapita kona ya kwanza. Kalekye alikuwa amefumba macho, anaomba bila maneno. Halafu, ndani ya dashibodi, tarararara! Ilianza yote kwa pamoja, kama mvua ya mawe kwenye bati. Hata aliyelala angeamka.

"Hiyo!" walisema wote wawili.

Kalekye alijikuta anacheka kwa sauti. Ilikuwa kelele mbaya, kelele ya aibu, na hakuwahi kufurahia kelele kiasi hicho. Akaifunga hewa ya nje, ikaendelea. Akaishusha feni mpaka moja, ikapunguza mwendo, tak, tak, tak. Akaizima, ikakoma. Akaiwasha. "Iko ndani ya nyumba ya feni," alisema, na sauti yake ya kazi ilikuwa imerudi. "Ni vitu vidogo, vigumu, vingi. Simamisha hapo penye nafasi."

Waliweka mawe nyuma ya magurudumu. Akatoa droo, akaingiza mkono. Skrubu ya kwanza, ya pili, na mara hii ya tatu bila kusita. Akaishusha feni polepole, na ndengu zikamiminika mapajani mwake.

Ndengu! Za kijani, kavu, konzi mbili nzima. Tano kati yake zilikuwa zimeloweshwa na maji ya mvua humo ndani, zikaota vimkia vyeupe.

Rehana aliziangalia. Yeye ni mtu wa ndengu, alizijua hata kwa aina. "Hizi ni zangu," alisema polepole. "Hizi ni zile za Kalama. Zimeingiaje?"

"Zimepitia matundu ya hewa, chini ya kioo. Nani anaanika ndengu juu ya gari yako?"

Wakatazamana. Rehana alifumba macho. "Bi Ummi," alisema. "Mama mkwe wangu. Ya Rabbi."

Ilikuwa hivi. Ndengu za Kalama msimu huo zilikuja na unyevu, na Bi Ummi, mwenye miaka sabini na minne, hakuona faida ya kuanika nafaka chini kuku wa jirani wazile. Kila Jumapili gari likiwa limepumzika uani, alizimwaga juu ya boneti. Chuma kina moto, kuku hawafiki, na mtu anaziangalia akiwa kibarazani. Jioni anazifagia kwa kipande cha leso, kuelekea kwenye kioo, halafu anazikusanya kwa mikono. Na chini ya kioo, pale wiper zinapolala, kuna matundu ya kuingizia hewa ya nje. Kungekuwa na filta ya hewa ndani, ingezizuia. Lakini fundi fulani, kabla kelele haijaanza, aliitoa filta aisafishe na hakuirudisha. Basi ndengu zikashuka mpaka kwenye nyumba ya feni, zikajilaza kwenye kona ya mbele. Gari likiwa tambarare zinatulia. Likiinua pua, zinabingirika kurudi nyuma mpaka kwenye mabawa ya feni, na ngoma inaanza.

Rehana alipiga simu hapo hapo barabarani, akamweleza mama mkwe wake kwa adabu yote aliyoweza. Sauti ya Bi Ummi ilitoka kwenye simu mpaka nje ya gari. "Nilijua zinapungua! Mimi nikawa nawalaani njiwa bure!"

Kalekye alizikusanya ndengu zote kwenye kitambaa cha kupangusia, akafuta ndani kwa mkono, akafunga feni, akarudisha droo. Wakashuka mpaka chini, wakageuza gari, wakaanza kupanda tena, feni imefunguliwa mpaka nne.

Walipita shamba la mahindi. Kimya. Walipita kona ya kwanza. Upepo tu. Rehana aliinua mkono mmoja kutoka kwenye usukani. "Alhamdulillahi. Imeisha. Sikiliza vile imenyamaza."

Kalekye aliinua kidole.

"Bado moja," alisema.

"Moja nini?"

"Ndengu. Imebaki moja."

Rehana alitega sikio. Akapunguza mwendo, akatega tena, akainamisha kichwa mpaka karibu na usukani. "Mimi sisikii kitu, Mama Lavender. Wallahi sisikii."

"Simamisha gari."

Mawe nyuma ya magurudumu, droo nje, skrubu tatu. Kalekye alipitisha mkono wake mdogo kando ya mabawa ya feni, nyuma kabisa, pale plastiki inapokunja. Alitafuta kwa ncha ya kidole cha shahada, ulimi ameung'ata. Halafu akatulia, akavuta mkono polepole, akafungua kiganja.

Ilikuwa pale katikati, punje moja ya kijani.

Rehana aliiangalia ile punje, akamwangalia Kalekye, akairudia punje. Upepo wa Iveti ulikuwa unapuliza kwenye mahindi, na mbali huko chini mtu alikuwa anaita ng'ombe, na Kalekye alivisikia vyote viwili. Machozi aliyoyakataa asubuhi yalikuja sasa, na hakuyazuia, hapakuwa na wanaume wa nyundo huko mlimani.

"Hii moja," Rehana alisema, "na feni yote hiyo, na injini, na mimi kuongea. Uliisikia?"

"Nimesikia," Kalekye alisema, na mara hii ilikuwa kweli.